Kupunguza mkaa na taka za jikoni kwa waliopanga Kampala

Kutoka Kisaasi

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Naomba mwongozo. Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na veranda ndogo, Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni ya peke yake, walaji ni watano. Mkaa unakwisha haraka mno, na maganda ya matoke yanajaza pipa kila baada ya siku mbili. Baada ya jalala la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya thelathini, kutupa tu bila kujali kunaniuma. Nianze na mkaa au na taka? Na ni kweli umeme ni ghali kuliko mkaa?

Kutoka Ntinda

Marahaba mwanangu. Anza na mkaa, na kwenye mkaa anza na maharage. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 96 hivi. Ndiyo maana maharage yaliyoiva kwa muda fulani Dar au Mombasa hapa yanachelewa, na sigiri (jiko la mkaa) inaendelea kula mkaa. Presha kuka ya umeme inamaliza tatizo hilo kwa sababu ndani ya presha maji hupita nyuzi 100.

Nunua ya lita 6, wati 1,000. Loweka maharage nusu kilo usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya yapite juu ya maharage kwa vidole viwili, kisha dakika 25 hadi 30 za presha. Inatumia karibu nusu uniti. Usijaze maharage kupita nusu ya sufuria, maana povu hupanda na kuziba tundu la mvuke. Mpira wa mfuniko uvue na kuuosha kila mara. Ukiona mvuke unatoka pembeni, mpira umelegea au umekaa upande. Na tafadhali usiichomeke kwenye waya mwembamba wa kuunganishia. Inavuta ampea 4 na zaidi, waya hupata moto, plagi huyeyuka. Chomeka ukutani moja kwa moja.

Matoke nayo yanakubali. Vikombe viwili vya maji chini, kitako cha chuma juu yake, kisha matoke ndani ya majani ya mgomba, dakika 20 hivi. Fungua, ponda ndani ya majani, rudisha dakika 5. Ncha za majani zikunje zielekee chini. Jani likisimama hugusa tundu la mvuke na kuliziba, na hapo kuka hujizima au hupuliza maji.

Kuhusu bei: Yaka ya nyumbani ina ngazi. Uniti 15 za mwanzo wa mwezi ni za bei ya chini, kuanzia ya 16 hadi ya 80 ni bei kamili, kuanzia ya 81 hadi ya 150 ni bei ya kupikia ambayo iko chini sana, kisha inapanda tena. Hesabu ni ya mwezi mzima, hata ukinunua kidogo kidogo. Wengi huona uniti zimepungua kwa pesa ileile wakadhani wameibiwa, kumbe wamevuka ngazi. Ukiwa na mita yako, kupikia umeme kunakuingiza kwenye ile ngazi nafuu. Mkichangia mita moja wapangaji wanne, mnaivuka 150 mapema na faida inapotea. Bei zenyewe hupitiwa kila robo mwaka, kwa hiyo angalia za sasa.

Kutoka Makindye

Naongezea kwa siku ambazo umeme umekatika, kwa sababu hapo ndipo watu hukata tamaa na kurudia gunia zima la mkaa.

Tengeneza kapu la joto. Kapu kubwa, shindilia majani makavu ya mgomba unene wa sentimita 10 chini na pembeni, tandika blanketi kuukuu, na ushone mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 15 kwenye sigiri, funika, yatie kapuni kwa muda wa saa tatu hadi nne bila kufungua. Hizo dakika 15 usizipunguze, hasa kwa maharage mekundu, maana yana sumu inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili. Ikiwa nusu tupu inapoa na maharage yanabaki magumu. Kabla ya kula chemsha tena.

Chenga zinazobaki chini ya gunia msitupe. Mimina kwenye ndoo ya maji: mkaa mwingi utaelea, mchanga utazama. Huo mchanga ndio unaofanya mkaa mbadala wa mtaani ujae majivu na kuzimika. Kausha, ponda, kisha kwa vikombe kumi vya chenga pika uji wa kikombe kimoja cha unga wa muhogo. Changanya, finyanga madonge ya ukubwa wa yai. Siku ya kwanza kivulini, kisha juani siku tatu hadi tano. Ukianza na jua kali yanapasuka. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, huota ukungu, kwa hiyo tengeneza nje ya miezi hiyo.

Mkaa uliobaki umewaka uzime kwenye debe lenye mfuniko unaobana, si kwa maji. Na sigiri isilale ndani hata mkaa ukionekana umekufa. Gesi yake haina harufu na inaua.

Kutoka Mukono

Dada wa Kisaasi, maganda yako ni chakula. Wafuga mbuzi na ng'ombe huku pembezoni wanayatafuta. Weka ndoo mbili: moja ya maganda tu, nyingine ya mengineyo. Wape yangali mabichi, siku hiyohiyo au kesho yake. Kavera (mfuko wa plastiki) isiingie hata kipande, maana ng'ombe akiimeza humkaa tumboni na anaweza kufa.

Kama hakuna mfugaji karibu, fanya mboji kwenye gunia la veranda. Toboa pembeni, kata maganda vipande vya sentimita 5, na kwa kila ndoo ya maganda tia ndoo mbili za majani makavu. Maganda ya matoke peke yake hujishindilia, hewa haipiti, yanakuwa ute wenye harufu mbaya. Pindua kila wiki. Finya kiganjani: yakidondosha maji, ongeza makavu. Ndani ya miezi miwili au mitatu utapata udongo mweusi wa kupandia dodo (mchicha) na sukuma.

Kutoka Kisaasi

Asanteni sana wakubwa. Kavera tunazopewa dukani je, nizipeleke nyumbani Bukoba nikisafiri kwa basi?

Kutoka Ntinda

Hapana. Tanzania imezipiga marufuku tangu 1 Juni 2019, na mpakani Mutukula utatakiwa kuzisalimisha. Funga mizigo kwenye mifuko ya kitambaa au kapu.