Tupeane uzoefu: skripti yako ndogo inayopiga kazi usiku wewe umelala

Wakuu habari za jioni. Leo tuachane kidogo na mabishano ya laptop gani nzuri. Wale mnaohangaika na seva, ruta na kompyuta za maofisini hapa Dar leteni zile skripti zenu ndogo, sio mifumo mikubwa, nasema zile za mistari kumi ishirini ya amri ulizoandika siku umechoka kurudia kazi ileile ukaitupia kwenye cron, ile ya Linux inayoendesha amri kwa saa uliyopanga, ukasahau. Inafanya nini, iliokoa nini, au uliikuta kwa mtu imeshakufa zamani na hamna anayejua.

Naanza mimi. Niliitwa ofisi moja ya mawakala wa forodha pale Posta, jamaa aliyekuwa anaangalia seva yao kaondoka. Bakapu zipo, kila usiku faili moja, tarehe zimejipanga utadhani gwaride. Nikapiga ls -l nikaona kila faili ni baiti 20. Sio kilobaiti, baiti! Kumbe nenosiri la database lilibadilishwa, mysqldump, amri ya kutoa nakala ya database, inagoma kila usiku, ila mstari umeandikwa mysqldump inapeleka kwa gzip inayobana faili, na bash, yaani programu inayosoma skripti, kwa kawaida inaangalia ile amri ya mwisho tu ilimaliza vipi. Gzip haina kosa, haikupewa kitu ikabana hivohivo, na gzip ikibana kitu kitupu inatoa faili la baiti 20. Kwa hiyo skripti inasema kila kitu safi, bosi analala usingizi. Nikaweka set -o pipefail ili amri yoyote ya katikati ikigoma ihesabike kosa, nikaongeza kipande kinacholinganisha faili la leo na la jana, likiwa chini ya nusu napata ujumbe Telegram. Ndo hiyo tu. Karibuni.

Mdau wa Kariakoo
Mkuu hiyo ya baiti 20 imenigusa. Mi nakuja na ya saa. Duka la jumla la vipuri, tajiri kamwambia dogo wa IT bakapu ianze saa mbili usiku tukishafunga. Dogo kaandika 0 2 * * * akaenda zake. Sasa cron yenyewe inahesabu kizungu, hiyo 2 ni saa nane usiku, na mlinzi pale anazima meni switchi saa tatu kila siku. Bakapu haijawahi kwenda hata mara moja. Nikaweka 20 badala ya 2. Af kwenye seva nyingine ya kukodi huko nje 20 ileile ikawa inaanza saa tano usiku, maana seva inasoma UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko masaa matatu mbele. Dawa ni timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam halafu uirestati cron, wengi hicho cha pili wanakiruka.

Mwenye intaneti kafe, Sinza
Shikamooni wakubwa. Yangu ya kitoto lakini naipenda kuliko mke wa mtu. Kila dakika inapiga ping, yaani inabisha hodi kuona nani anajibu, sehemu tatu: ruta yangu, seva moja iliyo hapahapa Dar, na seva moja iliyoko Ulaya. Inaandika saa na majibu kwenye faili, basi. Jumapili ile ya Mei 12, 2024 wateja wananijia juu eti sijalipia bando, mmoja anataka hela yake. Nikafungua faili nikawaonyesha: ruta inajibu, Dar inajibu, Ulaya kimya tangu asubuhi. Baadae ndo ikatangazwa nyaya za baharini zimekatika, EASSy na Seacom. Hela nilirudisha lakini heshima ilibaki.

Fundi wa hotspot, Tabata
Nyie wa seva mnafaidi, sisi tunaishi na ruta za juu ya paa. Nina ruta za MikroTik kwenye nyumba za wapangaji, kila alfajiri skripti inaingia kwa mbali kwa SSH kwa ufunguo badala ya nenosiri, inapiga /export kutoa mipangilio ya ruta, inalinganisha na ya jana kwa diff. Mstari wa kwanza wa export una tarehe kwa hiyo utapigiwa kelele kila siku bure, uukate kwanza kwa grep -v '^#'. Kuna mteja nilimkuta na ruta ya zamani, diff ikaleta vitu viwili ambavyo hakuna aliyeviweka: proksi ya socks imewashwa, yaani watu wa nje wanaweza kupitishia mambo yao kwenye ruta, na kazi mpya kwenye scheduler, cron ya MikroTik, inayoenda kuvuta faili huko nje. Hiyo ni ile tundu ya 2018 ya Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, ilishazibwa toleo la 6.42.1, ila mwenye ruta tangu anunue hajawahi kuapdeti. Niliifuta yote nikaanza upya, kusafisha juujuu nisingelala. Na port 8291, mlango wa Winbox, usiiache wazi kwa dunia nzima jamani.

Mgeni
Wakuu samahani, hamna skripti ya kupasua waifai ya jirani? Nipo Ubungo, maisha magumu.

Mwanzisha mada
Mdogo wangu, hapo hapana. Kuingia kwenye mtandao wa mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na maisha magumu hayapo kwenye utetezi. Nunua ruta iliyotumika ujifunzie nyumbani, uipasue mpaka uchoke.

Mdau wa Mikocheni
Kuna mtu kaniandikia pembeni kuhusu fail2ban, ile inayofungia IP (anwani ya mtandaoni) inayokosea nenosiri mara nyingi. Ni nzuri, ila kumbuka ofisi nzima inatoka na IP moja. Sisi dada wa mapokezi simu yake ilikuwa na nenosiri la zamani la barua pepe, inajaribu yenyewe mfukoni, kwa kawaida ukikosea mara 5 ndani ya dakika 10 umefungiwa dakika 10, hivyo ofisi nzima imekosa barua pepe, ikifunguliwa simu inaanza tena. Wiki nzima watu wanalaumu intaneti! IP ya ofisi nikaiweka kwenye ignoreip, orodha ya zisizofungiwa, af nikaandika skripti inayosoma log, kumbukumbu za seva, na kunitajia akaunti inayokosea sana. Dada kabadilisha nenosiri, yakaisha.

Mdau wa Kigamboni
Mwanzisha mada, nimeweka set -o pipefail kama ulivosema inaniletea Illegal option. Ubuntu.

Mwanzisha mada
Angalia mstari wa kwanza, bila shaka umeandika #!/bin/sh. Kwenye Ubuntu sh sio bash, ni dash, programu nyingine ya kusoma skripti, na matoleo yake mengi hayaijui hiyo pipefail. Weka #!/bin/bash, pipefail ikae mstari wa pili. Na kama kwenye cron unaiita kwa sh mbele ya jina la faili, ondoa hiyo sh, la sivyo mstari wa kwanza hausomwi kabisa.