Mirungi kesi, popoo dukani: sheria inapima nini?

Mwanzisha mada (Ngamiani, Tanga)
Wadau, tujadiliane bila matusi. Ukikamatwa na mirungi pale Horohoro, ni kesi ya dawa za kulevya chini ya sheria ya 2015. Vuka mpaka tu uingie Kenya, majani yaleyale ni zao halali, Meru wanasomeshea watoto. Na hapa mjini popoo, chokaa na tumbaku, viungo vya tambuu, vinauzwa peupe, hakuna anayeuliza.

Mirungi, popoo na tumbaku vyote vina alkaloidi, kemikali ambazo mmea hujitengenezea, nyingine zikiwa kinga dhidi ya wadudu. Zikifika kichwani huchezea mawasiliano ya neva. Kafeini ya kahawa hukalia vipokezi vya adenosini, kemikali inayoujulisha ubongo kwamba umechoka. Taarifa haifiki, uchovu upo palepale. Nikotini na arekolini ya popoo hujifanya asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, kila moja kwenye vipokezi vyake. Ndiyo maana mla tambuu hujaa mate na kutoka jasho. Chokaa nayo si pambo, inaisaidia alkaloidi kupenya shavuni. Mirungi ina njia nyingine: kathinoni, alkaloidi yake, huzisukuma seli za neva zimwage dopamini na noradrenalini, kemikali za kuchangamsha. Usingizi unaruka, njaa inapotea, mdomo haufungi.

Sasa: mwaka 2004 wakala wa WHO wa utafiti wa saratani uliiweka popoo kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hata bila tumbaku. Kamati ya WHO ilipoipitia mirungi 2006, haikupendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Kwa nini basi wa mirungi alale mahabusu na wa popoo alale kwake? Mimi nasema ihalalishwe, iwekewe umri na kodi.

Mchangiaji wa Makorora
Mkuu, umesema nusu. Kathinoni yenyewe imo jedwali la kwanza, lenye udhibiti mkali zaidi, la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Uingereza waliovumilia mirungi miaka mingi waliipiga marufuku 2014. Halafu popoo haimfanyi dereva wa lori akeshe. Hatari si pale stimu ikiwa juu tu, ni inapokata: usingizi unadai deni lake lote, na mtu yuko Segera na mzigo nyuma. Wapo pia wanaoanza kusikia sauti na kumshuku kila mtu. Hao utawatoza kodi gani?

Shangazi wa Chumbageni
Wanangu, tambuu natafuna tangu niolewe, msinitishe uzeeni. Ila popoo ya pakiti wanayouziwa watoto wa shule, hiyo hata mimi siitaki. Kuhusu mirungi, hayo ya ubongo nawaachia nyie. Mimi naona hela. Mwanaume akishika kifurushi jioni, unga wa kesho haupo, na yeye hana njaa, hajui kama nyumbani wanahisi njaa.

Mwanzisha mada
Shikamoo shangazi. La unga sina jibu, nakiri.
Makorora, madereva wanatafuna leo, marufuku ikiwepo. Tena kathinoni huanza kupotea jani likinyauka, siku mbili hivi limekwisha nguvu. Hivyo anayevusha lazima akimbize pikipiki usiku bila taa. Na hujanijibu la popoo: kwa hoja yako ya madhara, nayo ipigwe marufuku? Ndiyo au hapana.