Mliodumu kwenye kazi ya kutafutia watu ajira, nini kiliwabakisha?

Binti wa Shela: Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko kwenye wakala wa ajira hapa Malindi. Tunatafutia hoteli za hapa na Watamu wapishi, wahudumu wa vyumba na watu wa mapokezi. Hoteli ndiyo hutulipa, tena mtu akishaanza kazi. Akitoka kabla ya miezi mitatu, tunaleta mwingine bure.

Novemba ndipo kichwa huwaka moto, kila hoteli inataka watu kabla ya Krismasi. Msimu uliopita nilimpata mpishi hodari kwelikweli. Siku ya majaribio alipika samaki wa kupaka, meneja mwenyewe akaongeza sahani. Mkataba akatia saini. Asubuhi ya kuripoti, simu imezimwa. Kumbe yuko Diani, ameongezwa elfu tatu. Aliyefokewa ni mimi, na kamisheni ikaenda na maji. Mvua za masika zikianza, hoteli nyingine zinafunga, na niliowaweka kazini wanarudi mlangoni kwangu.

Linaloniuma zaidi ni mtaani. Matapeli wamekula pesa za watu kwa ahadi za kazi Saudia na Qatar, sasa nami nahesabiwa nao. Mume wangu asema niache. Nishaurini.

Mama Salma: Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nimezeekea kazi hii Mombasa. Pesa si ya kutegemea, kuna miezi mikavu kabisa. Kilichonibakisha ni watu: meneja akihamia hoteli nyingine, simu ya kwanza anipigia mimi. Hiyo huijengi kwa msimu mmoja, na ukiacha imekwenda. Kuhusu mpishi, muulize kabla ya saini: "Wakikuongeza kesho, utakwenda?" Mtazame usoni anapojibu. Na usikose mtu wa akiba, umweleze wazi kuwa ni wa akiba.

Kijana wa Majengo: Dada, mimi niliacha na sijuti. Wengi wanabaki kwa sababu hawajui pa kwenda. Niliingia ofisi ya wafanyakazi kwenye hoteli. Kuchuja watu ni kulekule, ila mshahara ni wa kila mwezi.

Mkaazi: Hilo la matapeli lina dawa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Bandikeni cheti chenu mlangoni, na anayetilia shaka mwonyesheni orodha kwenye simu yake mwenyewe.

Natafuta Riziki: Nasema kama mtafuta kazi. Wakala mmoja alinipigia kunieleza nimekosa, na kwa nini. Wengine wote kimya. Huyo hata leo namtumia watu. Kukosa twakuzoea dada, kunyamaziwa ndiko kunakovunja moyo.

Binti wa Shela: Shukrani sana. Mama Salma, naweza kudai sehemu ya malipo kabla sijaanza kutafuta? Mameneja wa huku wamezoea kulipa mwisho.

Mama Salma: Usianze na wote. Anza na yule anayekupigia Novemba usiku akitaka mtu kesho yake. Huyo atatoa.