Kuku wanakufa mfululizo, na mtoto ameleta salili (ndege mwitu wa majini) aliyekufa kutoka jarubani: ni mdondo (kideri) tu au kuna zaidi?

Mleta mada (Ubaruku, Mbarali):
Wakuu, habari za jioni. Nafuga kuku wa kienyeji 62 na bata tisa wanaoshinda kwenye mfereji wa mpunga. Jumatatu asubuhi nilifungua banda nikakuta mitetea wanne wamekufa. Leo Alhamisi wamefika 23. Jogoo wangu mkubwa upanga umegeuka zambarau iliyokolea, uso umevimba hadi jicho moja limefumba, kinyesi ni majimaji ya kijani. Bata wote wazima.

Kinachoninyima usingizi: juzi mwanangu wa miaka tisa alirudi na salili aliyemwokota jarubani, mwili bado una joto. Jirani naye ameona wawili wamekufa karibu na banio. Chanjo ya mdondo ya Desemba niliikosa, nakiri. Sasa mnunuzi wa Rujewa anataka waliobaki wote kwa 6,000 kila mmoja. Ada ya shule iko kwenye hao kuku. Niuze?

Mama Vifaranga (Mafinga):
Pole sana ndugu yangu. Naomba usiuze hata mmoja. Mimi niliwahi kununua mitetea mitano mnadani, kwa macho wazima kabisa. Wiki mbili baadaye banda zima likawa tupu. Aliyeniuzia alikuwa na shida kama yako, nami nikabaki na shida mbili.

Mkulima wa Igurusi:
Mkuu, wape maji ya shubiri na pilipili, changanya na tetrasaiklini. Kwetu ndivyo tunavyofanya.

Mganga wa Mifugo:
Mkuu wa Igurusi, tetrasaiklini inapambana na bakteria. Mdondo na mafua ya ndege vyote ni virusi, haitavigusa.

Mleta mada, nimefanya kazi Usangu miaka mingi, nikuambie wazi: kwa macho, mdondo na mafua makali ya ndege huwezi kuyatenganisha. Hata mimi siwezi, ni maabara tu. Na bata kuwa wazima kusikutulize. Bata anaweza kubeba virusi bila kuumwa, huku akivimwaga majini kwa kinyesi.

Hao salili ndio walionifanya niandike kirefu. Mwanzoni mwa 2017 Uganda iligundua mafua ya ndege aina ya H5N8 baada ya ndege wa porini kuonekana wamekufa ufukweni mwa Ziwa Victoria, karibu na Entebbe. Yakakutwa pia kwa bata na kuku wa nyumbani. Usangu msimu huu kuna ndege waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, na wanakula jaruba moja na salili wetu na bata wako. Inawezekana pia salili wamekula sumu ya wadudu iliyopuliziwa mpunga, nimeliona hilo. Ndiyo maana wapimwe, tusibahatishe.

Leo hii mpigie daktari wa mifugo wa wilaya. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inakutaka utoe taarifa, kwa hiyo usijione msumbufu. Mizoga usiipasue, na usiitupe mferejini, maji hayo yanashuka Ruaha Mkuu. Fungia bata ndani. Mtoto anawe kwa sabuni, mwangalie siku kumi: homa, kikohozi au macho mekundu, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba alishika ndege mfu. Tangu 2003 watu zaidi ya 900 duniani wameripotiwa kupata H5N1, aina nyingine ya mafua ya ndege, karibu nusu wakafa, na wengi walikuwa wameshika ndege wagonjwa au waliokufa.

Binti wa Uyole:
Daktari, na mayai tuliyokwisha okota?

Mganga wa Mifugo:
Moto wa kuiva kabisa unaua virusi, ila kwa sasa ya banda hilo yaacheni, msile wala msiuze. Hatari kubwa iko kwenye kuchinja na kunyonyoa.

Mleta mada:
Mrejesho. Simu ya kwanza haikupokelewa, ya pili ikapokelewa. Wamekuja wawili na barakoa na glavu. Walimwingizia kila kuku kijiti chenye pamba kooni, kingine kwenye tundu la haja, wakavitia kwenye vichupa na kuvipanga ndani ya kisanduku cha barafu. Bata nao wakapimwa. Salili waliyemchukua ni wa banioni, wa mtoto nilikuwa nimeshamfukia. Sampuli zinakwenda Temeke, maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania). Mizoga tumeifukia shimo refu, juu chokaa.

Mnunuzi nimemkatalia. Wamekufa wengine sita. Mtoto hana homa.

Jioni nilizunguka kwa majirani na namba ya daktari. Mzee mmoja alinisikiliza kimya, kisha akanipeleka nyuma ya choo akanionyesha kuku wanane aliokuwa amewafunika kwa majani ya migomba. Tumempigia daktari palepale, kesho anarudi.