Mapunye ya watoto: tupeane uzoefu, yenu yaliishaje?

Mama Wawili
Wapendwa, habari za jioni. Kijana wangu yuko darasa la kwanza, ana miaka 6. Ilianza duara moja kisogoni, kama sarafu, nywele zimekatika na ngozi inatoa magamba meupe. Nikapaka mafuta ya nazi. Baada ya wiki mbili zikawa duara tatu. Mama mkwe akaja na ndimu na chumvi, mtoto akalia mpaka jirani akagonga mlango. Huyo jirani naye akaleta mafuta ya taa! Hayo nilikataa. Duka la dawa wamenipa krimu, nimemaliza tyubu tatu: yanafifia, yanarudi. Juzi mwalimu kaniambia "mama, zingatia usafi". Mtoto namwogesha mara mbili kwa siku jamani. Mliopitia haya mlifanyaje?

Baba Mapacha, Mombasa
Pole dadangu. Wangu walipata wote wawili, nami nilipaka kila kitu kwa miezi minne. Daktari wa ngozi alichomoa vinywele viwili vitatu, akakwangua magamba, yakaenda kuangaliwa kwa darubini. Akaniambia: hawa fangasi wanaingia ndani ya unywele wenyewe, mpaka kwenye shina, krimu inaishia juu. Lazima dawa ya kunywa. Walipewa griseofulvin ya wiki 8, kila siku pamoja na chakula chenye mafuta ndipo mwili uifyonze vizuri. Kwetu ilikuwa maziwa na mayai.
Kosa langu: wiki ya tatu nikaona nywele zinaota, nikaacha. Yalirudi yote. Tukaanza upya.

Fundi Kipara
Mimi ni kinyozi, mnisamehe kwa nitakayosema. Jumapili jioni watoto wanapanga foleni kwa ajili ya ukaguzi wa Jumatatu. Mashine moja, vichwa thelathini. Tunachofanya wengi ni kufuta juu kwa pamba yenye spiriti, "anayefuata!" Lakini vipande vya nywele vimejibana katikati ya meno ya mashine, na ugonjwa unakaa kwenye nywele hizo. Inatakiwa ufungue, upige brashi, ndipo upake spiriti na uiache ikauke. Jumapili jioni nani ana muda huo? Nikimwona mtoto mwenye mapunye namweka wa mwisho, ila yanayoanza huyaoni. Mama, nunua mashine yako ya nyumbani.

Bi Shangazi
Mbona mnaenda mbali, wanangu niliwasugua kitunguu saumu na yakaisha.

Baba Mapacha, Mombasa
Shangazi, shikamoo. Walikuwa na umri gani yalipoisha?

Bi Shangazi
Marahaba. Mkubwa alikuwa kidato cha kwanza.

Tabibu wa Zamu
Basi shangazi, huenda balehe ndiyo iliyosaidia. Kichwa kikianza kutoa mafuta ya kiutu uzima, fangasi hawa hawapendi, ndiyo maana wanaougua wengi ni wa shule ya awali na msingi.
Mama Wawili, uchafu si sababu, mwalimu amekuonea. Huku Afrika Mashariki aina za fangasi kama Trichophyton violaceum hutoka kichwa kwa kichwa: kitana, kofia, taulo, mto, mashine ya kinyozi. Wapo wanaobeba bila dalili yoyote, hata mama mtu mzima. Kwa hiyo kagua nyumba nzima. Shampuu ya ketokonazoli hupunguza kuambukizana, lakini peke yake haiponyi. Na hiyo krimu, soma tyubu: ikiwa na betamethasone (dawa ya kutuliza uvimbe, si ya fangasi), inatuliza wekundu huku fangasi wakiendelea. Dawa ya kunywa usijinunulie tu, dozi inafuata uzito wa mtoto.
Jambo jingine. Mtoto wa dada yangu alivimba utosini, pakawa laini, usaha unatoka, na tezi za shingo zikasimama. Walitaka kupasua wakidhani jipu. Kumbe ni mapunye yaleyale, mwili ulikuwa unapigana nayo kwa ukali. Mkiona hivyo wahini hospitali, pasichanwe. Akichelewa nywele zinaweza zisiote tena pale.

Jirani wa Paka
Kwetu aliyeleta ni kipaka cha kuokota, kilikuwa na mabaka masikioni. Tulimtibu mtoto tukasahau paka.

Mama Wawili
Nimesoma huku natetemeka. Jana usiku nilimfumua mdogo wake misuko, ana miaka 3. Katikati ya mistari kuna magamba, vinywele vimekatika vimebaki vidoa vyeusi. Nami namsuka kwa kitana hichohicho cha kaka yake, na wanalalia mto mmoja! Kesho nawapeleka wote wawili.
Fundi Kipara, usinikimbie: hiyo mashine ya nyumbani, meno yake yanafunguliwa kwa bisibisi ya nyota au bapa?

Fundi Kipara
Nyingi ni nyota, mama. Ukifungua kumbuka yalivyokaa, ukiyarudisha vibaya yanakwangua ngozi.