Kujifungulia nyumbani Uingereza: dawa gani ya uchungu inapatikana?

Swali: Wapendwa, mama akijifungulia nyumbani huku Uingereza anapewa nini cha kupunguza uchungu? Sindano ya mgongo ipo?

Jibu la 1: Ya mgongo haipo nyumbani, dada. Inahitaji daktari wa usingizi; akiitaka, anahamishiwa hospitali. Wakunga huja na mtungi wa Entonox, gesi ya kuvuta kwa mdomo: nusu nitrasi oksaidi, nusu oksijeni. Kosa la wengi ni kusubiri uchungu ukolee ndipo wavute. Gesi huchukua sekunde 20 hadi 30 kushika, kwa hiyo aanze mara tu tumbo linapoanza kukaza, kwa pumzi ndefu za polepole, aache linapolegea. Kifaa cha kuvutia akishike mwenyewe: akilewa, mkono unalegea na kinatoka mdomoni. Msimshikie, tafadhali! Na dirisha liwe wazi.

Jibu la 2: Mtungi usilale garini baridi kali. Chini ya nyuzi -6 gesi hizo hutengana: mama anavuta oksijeni nyingi isiyotuliza kitu, kisha mwishoni nitrasi iliyozidi, na hapo ni hatari.

Muuliza swali: Asanteni. Na pethidini, ile sindano ya kutuliza uchungu?

Jibu la 3: Huwa inabidi daktari aiandike mapema, kwa hiyo msisubiri siku yenyewe. Ikichomwa karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa mzito wa usingizi, pumzi hafifu. Akishachomwa, asiingie kwenye beseni la kuzalia ndani ya saa 2. Maji hayo nayo yanatuliza sana. Yasizidi nyuzi 37.5, yapimwe kila saa.