LibreOffice: barua inavurugika stationeri

Mkazi wa Ngamiani: Wadau, nyumbani natumia Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice. Barua ya ukurasa mmoja nikipeleka stationeri hapa Tanga kuchapa, kwenye Word inakuwa kurasa mbili. Tatizo nini?

Fundi Chumbageni: Fonti, yaani aina ya mwandiko wa herufi, ndugu yangu. Kompyuta ya stationeri ikikosa fonti yako, Word huweka nyingine, na herufi zikiwa pana mistari inasukumana. Andika kwa Times New Roman. Usipokuwa nayo, Writer itaonyesha Liberation Serif yenye upana uleule wa herufi, kwa hiyo mistari haihami. Hakikisha saizi ya karatasi uliyoweka kwenye Writer ni A4, si Letter ya Kimarekani.

Raskazone: Ya kuchapa tu peleka PDF: File, Export As, Export as PDF. Ya kuhaririwa, bonyeza Ctrl+Shift+S (Save As), chagua .docx, faili la Word; nakala ya .odt, faili la Writer, ibaki nyumbani.

Mkazi wa Ngamiani: Kweli, ilikuwa Letter. Ahsanteni sana.